Mapafu na Tanuri la Mfuniko

Alikuwa amechuchumaa nje ya karakana akiponda makaa kwa kipande cha bomba la chuma, na kila alipoponda alilaani kimoyomoyo. Tanuri jipya halikutaka makaa makubwa. Lilitaka vipande vya kadiri ya yai la kuku, na vumbi lake lichekechwe na kuwekwa kando. Kwa hiyo akawa anaponda, anachekecha, anajaza debe, kisha analivuta gunia karibu na kuanza upya. Mkono wake wa kulia, ulionenepa kuliko wa kushoto kwa miaka mingi ya kuvuta na kusukuma mivukuto ya kupulizia moto, ulikuwa unalalamika. Haukulalamikia uzito wa kazi. Ulilalamikia wepesi wake.

Ndani ya karakana feni ilikuwa ikivuma. Ilivuma tangu asubuhi bila kukata, mvumo mmoja mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Kulikuwa na kitu katika mvumo ule kilichomkera, na hakuwa na uhakika ni nini.

Kisha akasikia mlio mwingine, ule ambao mtu aliyelelewa na wahunzi huutambua hata akiwa usingizini: cheche zikipasuka, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Chuma kinaungua.

"Kimekwenda tena," sauti ya kaka yake ikasema kutoka ndani. Halafu koleo likatupwa chini.

Hakuinuka. Aliambiwa kazi yake sasa ni makaa.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Watu walimwita Mapafu, kwa sababu bila yeye karakana isingepumua. Baba yao, mhunzi, alimweka kwenye mivukuto angali msichana mdogo, akamwambia, "Wewe vuta, kaka yako apige," na tangu hapo hakuna aliyempa kazi nyingine. Aliolewa, akaachika, akarudi; mivukuto ilikuwa inamsubiri palepale. Baba alipofariki, kaka alirithi nyundo na jina la Fundi, na yeye akarithi ile mifuko miwili ya ngozi iliyoungwa kwenye mbao, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka. Alikaa kwenye kigoda upande wa kushoto, upande mmoja wa uso wake umeuelekea moto. Kaka yake alisimama kwenye fuawe, lile pande la chuma la kupigia, akiupa moto mgongo. Ndiyo maana shavu moja la Mapafu lilikuwa jeusi kuliko jingine.

Tanuri lililetwa na mwanamke aliyekuja kwa pikipiki, mizani ya kuning'iniza imefungwa nyuma ya kiti. Alitoka kwenye mradi wa kuwasaidia mafundi chuma wa vijijini wapunguze makaa, maana vilima vya jirani vilikwisha kuota vipara na makaa yalizidi kutoka mbali. Alipima kila kitu kabla ya kusema lolote, kwa hiyo wakamwita Mama Mizani, naye akaitika. Tanuri lake lilikuwa pipa lililojengewa ndani kwa matofali ya udongo usiopasuka motoni, likafunikwa kwa mfuniko mzito wenye tundu la kuchungulia. Ubavuni kulikuwa na bomba la upepo, feni inayoendeshwa na paneli ya jua, na kilango cha bati cha kufungulia na kufungia upepo.

"Shimo lenu la wazi linazipasha mbingu joto," alieleza. "Hili linapasha chuma."

Hakuna aliyebisha. Wakakubaliana tanuri likae kwa majaribio mpaka mvua zikaribie. Likipunguza makaa, ni lao. Lisipopunguza, litapelekwa kwa wahunzi wa ng'ambo ya mto, ambao walikuwa wameliomba mapema.

Jambo moja Mama Mizani hakulisema, kwa kuwa hakulijua. Lilisemwa na Fundi jioni ileile, kwa upole wa mtu anayetoa zawadi.

"Mdogo wangu, umevukuta vya kutosha. Feni imekuja. Tanuri likishakubalika nitakupeleka kwa dada mkubwa, anahitaji mtu wa kumkalia duka. Utapumzika."

Habari zikaenea. Kila aliyepita barabarani akampongeza. Hongera, Mapafu, umepumzika. Mungu ameliona jasho lako. Baadaye akaanza kuwajibu, "Nilimwambia nani nimechoka?" na watu wakacheka, wakidhani ni utani.

Haukuwa utani. Dukani kwa dada mkubwa kulikuwa na kiti cha plastiki, sabuni, chumvi, viberiti, na mchana mrefu wa kutazama barabara. Aliwahi kukaa kule dada alipougua, akarudi nyumbani akiwa mgonjwa kuliko dada. Yeye alijua moto. Tanuri likibaki, anaondoka. Tanuri likishindwa, anarudi kwenye kigoda chake. Jambo lilikuwa wazi kiasi hicho, na kila mtu alijua kwamba naye analijua. Kwa hiyo tanuri lilipoanza kuharibu majembe, macho ya watu yakaanza kumtafuta yeye.

"Wifi, njoo umwone marehemu."

Mke wa Fundi alikuwa ametokea mlangoni, amelibeba jembe lililoungua kwa ncha ya koleo kama panya aliyekufa. Ukingo wake ulikuwa umemong'onyoka na kuota vitundu, kama mkate ulioumuka vibaya. Springi nzuri ya lori, chuma cha kukaa shambani mpaka wajukuu, imekuwa takataka.

"La ngapi hili?" Mapafu akauliza.

"Usiniulize, nikihesabu nitalia. Na makaa yanateketea kama zamani. Mama Mizani anakuja leo kupima, na mume wangu hata chai hajagusa." Akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Niambie ukweli, wifi, mimi na wewe tu. Makaa umeyafanya nini?"

"Nimeyaponda."

"Basi?"

"Na nimeyatukana."

Wifi akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Mapafu akakiona, akaendelea kuponda.

Wakati huo mzee mmoja mkulima alikuwa anaingia uani akiikokota baiskeli yake. Hakuna aliyewahi kumwona akiipanda. Aliifanya mkokoteni wa kubebea mazao na, siku za joto, mwenzake wa kuzungumza naye. Kwa hiyo aliitwa Bwana Baiskeli. Akafungua kamba, akatoa mpini wenye kipande cha jembe.

"Fundi yupo? Nimemletea jembe lake. Nusu nimekuja nayo, nusu iko shambani."

"Limekatika, mzee?" wifi akauliza.

"Kukatika kuna heshima yake. Hili limemeguka kama biskuti. Wala sikupiga jiwe. Nilipiga udongo, udongo ukanicheka."

Fundi akatoka. Alikuwa mtu mpana, mzito wa kusema, amevaa aproni ya ngozi iliyokuwa ya baba yao. Akakichukua kipande, akakigeuza, akatazama pale kilipomegukia. Hakujitetea.

Ingawa angeweza. Sifa za Fundi zilikuwa zimevuka vijiji. Watu walisema ana saa kichwani, kwa sababu alikuwa hautazami moto. Siku zote alikuwa na vyuma viwili, kimoja motoni na kimoja kwenye fuawe. Akipiga hiki, mgongo kwa kile, na kile kilipoiva tu aligeuka akakinyakua, si mapema, si kwa kuchelewa. Wageni walikuwa wanasimama barabarani kumtazama. Na sasa mtu wa saa kichwani alikuwa anaunguza chuma kama mtu aliyeanza kazi jana.

Akainama kwenye debe, akachota makaa, akayanusa.

"Yana kitu haya," akasema. Kisha, bila kumtazama dada yake usoni, "Umeyamwagia maji?"

Bwana Baiskeli akaanza kuikagua kengele ya baiskeli yake kana kwamba hajawahi kuiona. Mapafu akalaza bomba chini. Akasimama taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni.

"Kaka, nitazame."

Fundi akamtazama.

"Kama ningetaka kuliua tanuri lako ningelipiga nyundo mchana kweupe, na wewe umesimama hapo. Nisingejificha nyuma ya maji. Unanijua tangu nizaliwe. Lini nimewahi kujificha?"

"Sijasema unajificha. Nimeuliza."

"Nami nimejibu. Kitu kingine. Kwa dada mkubwa siendi. Likibaki siendi, likiondoka siendi. Sikulisema mapema kwa sababu hukuniuliza, ulinitangazia."

"Sasa utakaa hapa kufanya nini?"

Mapafu akabaki amesimama, mkono wa kulia umening'inia, na kwa bahati pikipiki ya Mama Mizani ikakata kona na kuingia uani.

Mama Mizani alivua kofia ngumu, akasalimia mmoja mmoja, akaangalia jembe lililoungua, akaangalia lililomeguka, akaangalia debe la makaa. Hakumlaumu mtu. Akaifungua mizani.

"Nitapima kama kawaida," akasema. "Lakini sitaki kuwadanganya. Makaa yakiwa kama ya wiki iliyopita, sina la kulitetea. Ng'ambo wameshanitumia ujumbe mara mbili."

"Wachukue," Fundi akasema. "Mimi nimeshindana nalo, nimechoka."

Mapafu alijua kwamba hapo ndipo angenyamaza. Angenyamaza tu, tanuri lingepanda gari, na kesho angekuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu kwa kunyamaza. Lakini tayari walikuwa wameshamlaumu kwa jingine. Wangesema mpaka kaburini kwamba Mapafu aliliua tanuri kwa maji. Na kulikuwa na jambo jingine pia, dogo, la aibu kidogo kulikiri: lile pipa lilimpendeza. Tangu siku ya kwanza alipochungulia kwenye tundu lake na kuuona moto umetulia ndani, mweupe, hautapatapi ovyo, alilipenda.

"Lisiende," akasema.

Wote wakageuka, hata Bwana Baiskeli.

"Kaka, tia chuma kingine. Nataka kuangalia."

"Uangalie nini?"

"Sijui. Ningejua nisingetaka kuangalia."

Ndani ya karakana mlikuwa na giza la kawaida la wahunzi, linaloachwa makusudi ili rangi ya chuma ionekane. Mahali pa kigoda chake palikuwa pamewekwa magunia. Mivukuto ilitundikwa ukutani, ngozi zake zimelegea kama mashavu ya bibi kizee. Mapafu akaketi juu ya magunia, akasogeza jicho kwenye tundu.

Fundi akatia springi motoni, akafunika, akarudi kwenye fuawe kunyoosha kipande kingine, mgongo kwa tanuri kama siku zote. Nyundo ikaanza. Feni ikavuma.

Chuma kilikuwa cheusi. Kikawa chekundu kilichofifia, kama zambarau iliyokauka. Kikawa chekundu cha kweli. Rangi ilikuwa inapanda haraka kuliko kwenye shimo la zamani, haraka na sawasawa. Kisha ikawa rangi ya chungwa bivu, na hapo Mapafu akahisi kitu kwenye goti lake. Ulikuwa mkono wake wa kulia. Umesimama. Ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe juu ya goti muda wote, kama uko kwenye mivukuto, bila yeye kujua, na chuma kilipoiva ukaacha.

Mkono wake uliacha. Feni haikuacha. Na kaka yake hakugeuka.

Akaunyoosha mkono uleule, akauchomoa waya wa feni.

Mvumo ukakatika, na kabla haujafa kabisa masikioni, Fundi alikuwa ameshageuka, koleo mkononi. Akafunua, akakitoa chuma. Kilikuwa kizuri, rangi ya chungwa, kisafi.

"Umegeuka kwa nini?" Mapafu akauliza.

"Chuma kimeiva."

"Umejuaje?"

"Najua. Kwani leo ndiyo mara ya kwanza?"

"Kiache hicho pembeni. Tia kingine."

Fundi akatazama waya, akamtazama dada yake, lakini Mama Mizani alikuwa amesogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Tia, fundi, tuone." Akatia. Akafunika. Akarudi kwenye fuawe. Mapafu akaurudisha waya, feni ikavuma, nyundo ikaanza, na safari hii hakungoja. Chuma kilipokuwa bado cheusi, kina wekundu kidogo tu pembeni, akauchomoa.

Kimya kikaanguka. Fundi akageuka, akanyoosha koleo, akafunua, akakitoa.

Akabaki amekishika hewani. Kilikuwa chuma baridi, baridi kwa jicho la mhunzi, hakikufaa hata kunyoosha msumari. Akakitazama. Kisha akautazama mgongo wa mkono wake, kama mtu anayetafuta saa aliyokuwa ameivaa.

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe saa yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kigoda," akasema, "na sisi tunataka kuipeleka dukani ikauze sabuni."

Bwana Baiskeli naye akacheka mpaka akaishika nguzo. Mapafu hakucheka. Alikuwa anajaribu kulifikiri jambo mpaka mwisho. Miaka yote hiyo, chuma kilipoiva yeye aliacha kuvukuta, na mivukuto iliponyamaza kaka yake aligeuka. Kaka aliamini amegeuka kwa akili yake. Yeye naye aliamini ameacha kwa sababu kaka anageuka. Wote wawili walidhani kaka ndiye anayeongoza. Hata baba yao, aliyewaweka hivyo, pengine hakujua.

"Sikujua, kaka," akasema. "Usidhani nilikuficha. Nimejua sasa hivi, na wewe umejua sasa hivi."

Fundi alivuta ndoo iliyopinduliwa, akaketi. Alikuwa mtu wa kukubali jambo taratibu, lakini akishalikubali halirudi nyuma.

"Makaa nayo," akasema. "Nilikufikiria vibaya. Nisamehe."

"Makaa ni feni," Mama Mizani akasema. Alikuwa amepiga magoti karibu na bomba, anaangalia kilango cha bati. Kilikuwa wazi chote, kimeota kutu palepale, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifunga. "Inapuliza chuma kikiwa ndani, inapuliza kikiwa nje, inapuliza fundi akinywa maji. Mtu wa mivukuto akipumzika, makaa nayo yanapumzika. Hili sikuliwaza. Nililiona tanuri, sikuwaona ninyi."

Mambo yakawa mepesi ghafla. Wifi akaenda nyuma ya magunia, akakitoa kigoda, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akakiweka mahali pake pa zamani, upande wa kushoto.

"Basi yamekwisha," Fundi akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka. "Kaa hapo, mdogo wangu. Unachungulia, unafungua, unafunga. Kazi nyepesi. Majembe yatapona, makaa yatapona, tanuri linabaki, na wewe huendi popote."

Kila mtu akamtazama Mapafu, wakingoja akae.

Akakitazama kigoda. Katikati palikuwa pamebonyea, umbo la mwili wake mwenyewe. Asubuhi ile angekililia.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Sikai."

"Wifi," mke wa Fundi akasema kwa tahadhari, "si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Ndicho nilichokuwa nakitaka nilipokuwa sijui. Zamani ilibidi tuwe wawili, kaka. Mikono ya mivukuto na mikono ya nyundo, mtu mmoja hawezi kuwa nayo yote. Feni ilipokuja ukasema mtu mmoja anatosha. Hukukosea. Mtu mmoja anatosha." Akavuta pumzi. "Ila nani alisema mtu huyo ni wewe?"

Fundi akaitazama nyundo yake juu ya fuawe.

"Asubuhi moto ni wako," Mapafu akaendelea. "Mchana ni wangu. Na nyundo, na koleo, na fuawe."

"Na mimi mchana nifanye nini?"

"Upumzike. Umepiga nyundo vya kutosha. Hongera, kaka, Mungu ameliona jasho lako."

Wifi alilazimika kutoka nje. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

"Hujawahi kushika nyundo," Fundi akasema. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaja ukweli wa hali ya hewa.

"Nimekutazama tangu meno yangu ya utotoni. Kama nitaharibu, niache niharibu. Wewe umeharibu wiki nzima, hakuna aliyekwambia ukauze sabuni."

Hakungoja jibu. Akaushusha mvukuto mmoja kutoka ukutani, akaung'oa ubao wake wa juu, ule wenye bawaba, akaubeba. Akaulaza sakafuni mbele ya fuawe. Kutoka kwenye ubao akapitisha waya wa chuma mpaka kwenye kilango cha bomba, akakilainisha kilango kwa mafuta na kukitikisa mpaka kutu ikaachia. Mama Mizani alimshikia waya bila kuulizwa. Akaurudisha waya wa feni, wakajaribu: mguu ukikanyaga, kilango kinafunguka na moto unanguruma, mguu ukiinuka, kinaanguka na moto unalala. Mara ya kwanza waya ulikatika. Mara ya pili ulikwama. Wakaongeza uzito wa nati kwenye kilango, ukaenda.

"Mzee," Mapafu akamwambia Bwana Baiskeli, "jembe lako nalitengeneza mimi."

"Mimi nimeleta kwa Fundi, mwanangu."

"Na utachukua kwa fundi."

Mzee akamtazama Fundi. Fundi akainua mabega. Mzee akaiegemeza baiskeli yake mlangoni na kuketi kwenye kigoda, kwa kuwa kilikuwa kitupu.

Springi ikaingia motoni. Mapafu akasimama pale aliposimama kaka yake miaka yote, lakini kwa ubavu, si kwa mgongo, ili jicho moja libaki kwenye tundu. Akakanyaga. Nyekundu. Chungwa. Akainua mguu, moto ukalala, akakitoa chuma na kukiweka kwenye fuawe, akapiga.

Pigo la kwanza lilitua ukingoni na nyundo ikarukia pembeni. La pili likatoa mlio wa kopo. Akapiga mpaka chuma kikapoa, akakirudisha, akakanyaga, akakitoa, akapiga. Jasho likamwingia machoni. Bapa la jembe likaanza kutanuka, lakini upande mmoja tu, kama ulimi wa ng'ombe. Fundi alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Alivumilia kadiri alivyoweza.

"Kiwiko," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Unapiga kwa kiwiko. Inua kwa bega, halafu iache nyundo ianguke. Inajua njia."

Akajaribu. Nyundo ikaanguka, na fuawe ikaimba mlio aliouzoea, ule wa karakana yao, ila sasa ulikuwa unapanda kupitia mkono wake mwenyewe mpaka mabegani. Bega lile lililonenepa bure kwa kuvukuta likaipokea nyundo kama kitu lilichokuwa linakingoja.

"Ungeniambia zamani," akasema bila kugeuka.

"Hukuuliza."

"Hata leo sijauliza."

"Basi nyamaza upige, chuma kinapoa."

Akapiga. Ile sehemu nene ilimshinda mara kadhaa, akaigeuza, akaifuata upya kutoka katikati kwenda nje. Mwanga wa mlangoni ukawa wa manjano, kisha wa kijivu. Jembe lilikuwa limepata bapa na mabega, halikuwa zuri, ukingo mmoja ulipinda. Tundu la mpini halikuwa limefunguliwa bado, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Akakirudisha chuma motoni.

"Acha," Fundi akasema. "Tundu halifunguliwi na mkono uliochoka. Litapasuka."

Alitaka kubisha. Akainyanyua nyundo, ikamteleza vidoleni. Akainua mguu kutoka kwenye ubao.

Nje Mama Mizani aliyapima makaa yaliyobaki. Mshale wa mizani ukashuka, ukasimama mahali ambapo haukuwahi kufika tangu tanuri lije: makaa mengi yalikuwa yamebaki. Aligonga mizani kwa kidole, akapima tena, ukasimama palepale.

"Na huyu anajifunza," wifi akasema. "Je, akishajua?"

"Siku moja haitoshi kuwa ushahidi," Mama Mizani akajibu, akifunga mizani nyuma ya kiti. Lakini alikuwa anatabasamu. "Ng'ambo nitawaambia wangoje. Nakuja kesho kupima tena. Nitamkuta nani kwenye moto?"

"Mimi," wakasema kaka na dada kwa pamoja.

Mama Mizani akawatazama, akavaa kofia yake, akaamua kwamba hilo si la kupimwa. Akaondoka.

"Mzee, kesho," Mapafu akamwambia Bwana Baiskeli. "Bado tundu."

"Na ule ukingo uliopinda."

"Na ukingo."

"Sina haraka," mzee akasema, akiikokota baiskeli. "Nusu ya jembe langu la zamani iko kwenye udongo, inaota."

Walifunga karakana kama kawaida: majivu yakazolewa, mfuniko ukawekwa, paneli ikafutwa vumbi. Jembe lisilokwisha lilibaki juu ya fuawe, katikati kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupiga chuma kingine bila kuliondoa. Fundi akalinyooshea mkono, alisogeze. Kisha akauacha mkono ukarudi.

"Asubuhi ni yangu," akasema. "Umesema mwenyewe."

"Ni yako. Kuanzia jembe hili litakapokwisha."

"Nami nikilimalizia kabla hujafika?"

Mapafu alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, na hapo Fundi akaona alichobeba kwapani: koleo refu la baba yao, la pekee lenye mdomo wa kushikia tundu la mpini.

"Hilo ni langu," Fundi akasema.

"Najua. Kesho utalikuta hapa," akasema Mapafu akivuka kizingiti. "Hata ukiwahi, utanikuta nimeshawasha moto."